Cessna na Safari ya Neno Rubani
Wanafunzi wetu wa Jinja na Mbale huuliza mara nyingi kama Kiswahili kinaweza kubeba mambo ya ufundi. Tutazame mfano wa ndege ndogo.

Clyde Cessna, mkulima wa Kansas, Marekani, alirusha mwaka 1911 ndege aliyoiunganisha mwenyewe. Mwaka 1927 alianzisha kampuni mjini Wichita. Cessna 172, iliyoingia sokoni mwaka 1956, imeundwa zaidi ya 44,000, idadi isiyofikiwa na ndege nyingine yoyote. Mwaka 1986 gharama za kesi za fidia ziliilazimu kampuni kusimamisha uundaji wa ndege za pistoni. Ikaanza tena mwaka 1996, baada ya sheria ya mwaka 1994 kuwapa waundaji nafuu.

Kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, kaskazini-magharibi mwa Mbale, mwaka 1971. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki.

Lugha nayo haikukwama. Rubani, aliyekuwa mwongoza vyombo baharini, alipanda angani. Ndege, kiumbe mwenye mabawa, akakipa chombo jina. Basi jibu tunalo. Kinachotakiwa ni sisi walimu kuyatumia maneno hayo darasani, la sivyo yatabaki kamusini.