Majumba ya makumbusho ya Bruxelles na vitu vya Kongo vilivyomo ndani

Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, ni mji wa zamani wenye majumba mengi ya makumbusho. Wakongomani wengi wanaishi huko, na wengine hufika kila mwaka kwa masomo, kwa matibabu au kutembelea ndugu. Wengi wao hupita mbele ya milango ya majumba hayo bila kuingia, wakiona kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Lakini humo ndani kuna vitu vilivyotoka Ishango, Mpala, Boma na sehemu nyingine nyingi za Kongo. Baadhi vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilichukuliwa kwa bunduki.

Zifuatazo ni habari za majumba manne. Mwenye nafasi ya kuyatembelea ayatembelee, na asiye na nafasi ajue kilichomo. Katika kila jumba kuna swali moja la kuuliza: jina la nani limeandikwa hapa, na jina la nani halikuandikwa?

La kwanza liko katikati ya mji, kwenye uwanja unaoitwa Grand-Place. Ni Makumbusho ya Mji wa Bruxelles, na nyumba yake inaitwa Maison du Roi, yaani Nyumba ya Mfalme, ingawa hakuna mfalme aliyewahi kuishi humo. Kwa Kiflama watu huiita Broodhuis, nyumba ya mikate, kwa sababu hapo zamani mikate iliuzwa mahali hapo. Ndani kuna sanamu ya asili ya yule mtoto anayekojoa, Manneken Pis, iliyotengenezwa mwaka wa 1619 na fundi Jérôme Duquesnoy. Ile inayopigwa picha na watalii barabarani ni nakala tu.

Jambo la kujifunza hapo ni habari ya mwezi wa nane mwaka wa 1695. Jeshi la mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, liliupiga mji kwa mizinga kwa siku mbili na usiku wake. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa na familia nyingi zikabaki bila makao. Watu wa Bruxelles walijenga upya, na ndani ya miaka michache uwanja ulisimama tena, safari hii kwa mawe. Vyama vya mafundi na wafanyabiashara, kama waoka mikate, wapika bia na wenye mashua, kila kimoja kilijenga nyumba yake na kuipa jina. Majina hayo yanajulikana mpaka leo, na mwaka wa 1998 UNESCO iliuingiza uwanja huo katika orodha ya urithi wa dunia. Mji uliounguzwa na vita uliandika mambo yake wenyewe: nyumba gani ilikuwa ya nani, na nani aliijenga tena.

Kutoka hapo, mtu akipanda kilima kwa mguu kwa dakika chache tu, anafika kwenye jumba la pili, Makumbusho ya Ala za Muziki, ambalo wenyeji huliita MIM. Liko katika jengo la chuma na vioo lililojengwa mwaka wa 1899 kuwa duka, nalo bado linabeba jina la duka hilo, Old England. Ndani mna ala kutoka pande zote za dunia, na mgeni husikia sauti ya ala nyingi kwa kuvaa visikilizio masikioni.

Mpenzi wa rumba asiache kuangalia kazi za Adolphe Sax. Huyu alikuwa Mbelgiji, mzaliwa wa Dinant mwaka wa 1814, na ndiye aliyebuni saksafoni, akapata hati ya ubunifu wake mwaka wa 1846. Bila yeye Verckys Kiamuangana asingekuwa na chombo cha kupuliza katika OK Jazz. Ala ya Sax inabeba jina lake, na dunia nzima hulitaja hata bila kujua. Kwa ala nyingi za Afrika zilizoingia katika makumbusho ya Ulaya, mambo ni tofauti. Kibao kilitaja kabila, pengine na jina la mzungu aliyeileta, lakini fundi aliyechonga mbao na kukaza nyuzi hakutajwa. Si kwamba hakuwa na jina, bali hakuna aliyemuuliza.

Jumba la tatu ni Makumbusho ya Sayansi Asilia, karibu na bustani ya Léopold na ofisi za Bunge la Ulaya. Watoto hulipenda kwa sababu ya mifupa ya wanyama wakubwa sana wa kale, iguanodoni, waliogunduliwa mwaka wa 1878 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bernissart. Lakini kwa mtu wa Kivu kuna kitu kidogo chenye uzito zaidi. Ni mfupa wenye urefu wa sentimita kama 10 hivi, rangi ya kahawia, na kipande cha jiwe la kwatzi kimepachikwa kwenye ncha yake. Unaitwa mfupa wa Ishango.

Ishango iko Kivu Kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard, ndani ya mbuga ya Virunga. Mwaka wa 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba hapo na kukuta mabaki ya watu walioishi kwa uvuvi miaka kama 20,000 iliyopita. Mfupa huo una mikato iliyopangwa katika safu tatu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha, kila moja ya safu hizo mbili inafika 60, na safu ya tatu inafika 48. Wataalamu bado wanabishana. Kuna wanaosema ilikuwa hesabu, kuna wanaosema ni kalenda ya kufuata mwezi, na kuna wanaoona kwamba mikato ilisaidia tu mkono kushika vizuri. Hata hivyo unatajwa mara nyingi miongoni mwa vitu vya kale zaidi duniani vinavyohusishwa na kuhesabu.

Mtoto wa Beni anayesoma hesabu chini ya hema, katika kambi ya waliohama makwao, ana haki ya kujua kwamba mfupa huo ulitoka katika nchi yake. Aliyeukata hajulikani, lakini mahali panajulikana, na jina la Ishango limeandikwa katika vitabu vya hesabu vya nchi nyingi.

Taasisi hiyohiyo ina kitu kingine ambacho mgeni hakioni. Katika akiba zake kuna fuvu la mkuu Lusinga, aliyetawala eneo la Watabwa magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1883 luteni Mbelgiji, Émile Storms, alivuka ziwa kutoka Karema, ambayo leo iko Tanzania, akaanzisha kituo cha Mpala kwa niaba ya chama kilichoundwa na mfalme Léopold II. Lusinga alikuwa na nguvu na bunduki, naye mwenyewe alikamata watu na kuwauza utumwani. Hakukubali kuwa chini ya Storms. Mwezi wa 12 mwaka wa 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji chake, wakamuua na kumkata kichwa. Storms aliporudi Ulaya alibeba fuvu hilo pamoja na sanamu ya mababu wa Lusinga. Baada ya kifo chake, mjane wake aliutoa mkusanyo huo kwa makumbusho. Storms alikuwa na sanamu yake kwenye bustani moja ya Bruxelles kwa miaka mingi, hadi ilipoondolewa mwaka wa 2022. Fuvu la Lusinga halijazikwa.

Sanamu ya mababu wa Lusinga iliingia katika jumba la nne, lililo nje kidogo ya mji, Tervuren. Mtu anafika huko kwa tramu namba 44 kutoka Montgomery, akipita katikati ya msitu. Hili ndilo Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, siku hizi AfricaMuseum. Lina vitu vya utamaduni karibu 120,000, na sehemu kubwa sana vilitoka Kongo.

Historia yake ilianza mwaka wa 1897, wakati wa maonyesho ya kimataifa ya Bruxelles. Léopold II aliagiza Wakongomani 267 waletwe, na wengi wao wakawekwa katika vijiji vya bandia ndani ya bustani ya Tervuren ili watu waje kuwatazama. Zaidi ya watu milioni moja walifika. Baridi na mvua viliwapiga Wakongomani hao, na 7 wakafa. Mwanzoni hawakuzikwa pamoja na Wakristo wa kijiji. Leo makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, na majina yao yamechongwa juu ya mawe, miongoni mwao Ekia, Zao, Mpeia na Kitukwa. Mkongomani anayekwenda Tervuren aanzie hapo, kabla ya kukata tiketi.

Jengo kubwa la sasa lilifunguliwa mwaka wa 1910, baada ya Léopold II kufa. Kwa miaka mingi lilisifu ukoloni waziwazi. Lilifungwa mwaka wa 2013 kwa matengenezo na kufunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka wa 2018, likiahidi kusema historia kwa njia nyingine. Mgeni sasa anakuta mtumbwi mmoja wenye urefu wa mita 22 na nusu, uliochongwa kutoka mti mmoja. Anakuta pia nkisi, sanamu iliyopigiliwa misumari, ambayo Mbelgiji Alexandre Delcommune aliiteka karibu na Boma mwaka wa 1878, mali ya mkuu Ne Kuko. Wenyewe waliomba warudishiwe, akakataa.

Kuna ukuta mmoja hapo ambao unafaa kuangaliwa kwa utulivu. Umeandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kabla ya mwaka wa 1908. Wakongomani waliokufa katika miaka hiyo kwa kazi ya kulazimishwa ya mpira, kwa njaa, kwa magonjwa na kwa risasi hawana ukuta. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliombwa kufanya kitu. Aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongomani waliofia Ubelgiji. Jua likiwaka, kivuli cha majina hayo huangukia juu ya majina yaliyo ukutani.

Je, vitu hivi vitarudi? Kati ya mwaka wa 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha Kinshasa vitu 114. Baadaye baadhi viliibwa na kuonekana tena sokoni Ulaya. Wanaopinga kurudisha hushika habari hiyo. Wanaotaka virudishwe hujibu kwamba mwenye mali haulizwi kwanza kama kabati lake lina kufuli. Mwaka wa 2019 Kinshasa ilifungua jumba jipya la makumbusho ya taifa. Mwezi wa pili mwaka wa 2022 serikali ya Ubelgiji iliipa Kongo orodha ya vitu kama 84,000. Mwezi wa sita mfalme Philippe alikabidhi Kinshasa barakoa ya Wasuku, Kakuungu, lakini kama mkopo usio na mwisho. Mwezi huohuo jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, lilirudishwa kwa familia yake na kuzikwa Kinshasa. Mwezi wa saba ikatoka sheria ya Ubelgiji inayoruhusu kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Sheria hiyo haikugusa mabaki ya watu, kwa hiyo fuvu la Lusinga halimo.

Anayeingia katika majumba haya asome vibao. Kama hakuna jina la fundi, wala la kijiji, wala la aliyechukua, awaulize wafanyakazi wa jumba. Swali linaloulizwa mara nyingi huishia kupata jibu, na vibao vya Tervuren vilibadilika baada ya Wakongomani wa Ubelgiji kuuliza kwa miaka mingi.

Na familia zilizohama, ambazo ziliacha viti vya wazee, ngoma na picha ndani ya nyumba, zina kazi ambayo haihitaji tiketi wala viza. Daftari na kalamu vinatosha: jina la kijiji, jina la babu, jina la aliyechonga kiti, na siku mliyokimbia. Vita vikiisha, kitu kisicho na jina kinaweza kudaiwa na yeyote. Kilichoandikwa jina kina mwenyewe, hata kama kiko mbali naye.