Kilema Amekuja: Historia Fupi ya Malezi ya Watoto Wenye Ulemavu wa Akili

Mjini Bujumbura kuna kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili kiitwacho Akamuri. Neno hili ni la Kirundi. Urumuri ni mwenge; na kiambishi ka- hudogosha, kama vile umwana, yaani mtoto, awavyo akana, kitoto. Akamuri basi ni mwenge mdogo. Jina hilo latupa sababu ya kutazama nyuma, tuone watoto hawa waliitwaje zamani na walilelewa vipi.

Warundi walizoea kumwita mwenye ulemavu ikimuga, wengi wao ibimuga. Nasi twasema kilema, vilema. Lugha zote mbili zilimweka katika ngeli ya vitu. Aliyepungukiwa akili alizidishiwa majina: punguani, zezeta, taahira. Hata hivyo, kila mwalimu wa sarufi ajua kwamba mtu huyo akifika hatusemi "kilema kimekuja", bali "kilema amekuja". Upatanisho wa kisarufi ulimtambua kuwa ni mtu kabla jamii haijamtambua.

Ama malezi ya vituoni, chanzo chake kilikuwa chema. Mwanzoni mwa karne ya 19, mjini Paris, daktari Itard alijitahidi kumfundisha Victor, mvulana aliyeonekana akiishi msituni peke yake huko Aveyron. Édouard Séguin akaiendeleza kazi hiyo, kisha akahamia Marekani mwaka 1850. Nia ilikuwa kumfunza mtoto, kisha arudi kwao. Lakini baada ya miaka mingi nyumba hizo zikageuka ghala za watu. Willowbrook, huko New York, ilijengwa kwa watu 4,000. Katika miaka ya 1960 walikuwamo zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 televisheni ilionyesha uchafu na dhiki iliyokuwamo, na mwaka 1987 ikafungwa.

Mbegu ya Itard na Séguin haikufa. Maria Montessori alizichukua mbinu zao, na mwaka 1907 akazitumia mjini Roma kuwafundisha watoto wasio na ulemavu. Hivyo shule nyingi za chekechea zina deni kwa watoto walioitwa punguani.

Katika nchi zetu, Kenya ilipata ripoti ya kamati ya Ngala kuhusu malezi ya wenye ulemavu mwaka 1964. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 uliridhiwa na Kenya mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na Burundi mwaka 2014. Burundi ikatunga sheria yake mwaka 2018. Mkataba huo wakataza mtoto kutengwa na elimu ya wote kwa sababu ya ulemavu wake.

Sheria, hata hivyo, haiingii darasani kwa miguu yake. Nasi walimu hatuna budi kukiri: mara ngapi tumemketisha mtoto wa namna hii nyuma kabisa, tukamwambia mzazi kwamba hafundishiki? Kituo ni cha lazima pale shule ilipofunga mlango. Kipimo cha wema wake ni kama mtoto aingiaye humo hufundishwa, na kama ana njia ya kutokea. Na njia hiyo, ndugu walimu, huishia mlangoni petu. Siku atakapobisha hodi, tusiulize ni ngeli gani. Tuseme, mwanafunzi amekuja.