Majembe Yaliyogoma

Ukiitafuta Karungu katika vitabu vya zamani, utakutana kwanza na mifupa na magonjwa. Mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza, Felix Oswald, alifika kwenye ghuba hiyo kuchimba visukuku. Mwaka 1915 akachapisha kitabu cha safari yake, na jina lake, kwa tafsiri yangu, ni "Peke Yangu katika Nchi ya Malale". Peke yako, Bwana Oswald? Na wale waliokubebea mizigo, je?

Tangu hapo wino haujabadilika sana. Ikitajwa pwani hii ya ziwa, kutoka Nyatike hadi Gwassi, tunapewa mbung'o, kisha Ukimwi, kisha samaki wanaouzwa kwa masharti ya aibu. Yote ni kweli. Lakini watu waliougua hapa ndio walioana hapa, wakanuniana, wakachekana. Hiyo nayo ni historia, ila haina faili.

Faili lake, kama lipo, lilikuwa siwindhe. Hii ilikuwa nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim. Wasichana walilala humo pamoja na wavulana wadogo, na humo walipata hadithi, vitendawili na yale mambo ya unyumba ambayo mama mzazi angeona haya kuyatamka. Miaka ya 1980 mwanahistoria David William Cohen aliandika kuhusu pim na kuonyesha kwamba maarifa mengi ya Wajaluo yalipitia mlangoni kwake, siyo kwenye moto wa wazee wa kiume pekee. Mimi huwa najiuliza wale mabinti walicheka nini taa ikizimwa.

Halafu waliolewa. Na kwa kuwa huoi ndani ya ukoo wako, kila mke aliingia bomani akiwa mgeni. Wa kwanza ni mikayi, wa pili nyachira, wa tatu reru, kila mmoja na nyumba mahali pake. Mke mwenza anaitwa nyieka, na ndani ya neno hilo limo nyiego, yaani wivu. Si lugha yenyewe imeshakutania kabla hujapiga hodi? Lakini huyo huyo nyieka ndiye unayemwachia mtoto ukienda ziwani kuchota maji, na ndiye pekee anayejua kwa hakika jinsi mume wenu anavyokoroma. Ukitaka stori ya mapenzi na vichekesho, hapo huhitaji kuongeza chumvi.

Kuna mwandishi aliyeliona hilo. Mwaka 1983 Grace Ogot alitoa Miaha, kwa Kijaluo. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata 1989. Miaha ni bibi harusi. Kisa chenyewe ni cha kale: zamani jembe lilijilimia lenyewe, kazi yako ilikuwa kulifikisha shambani tu. Bibi harusi mmoja akaelekezwa hivyo, akaona haitoshi, akashika mpini akalima kwa mikono yake. Tangu siku hiyo majembe yakagoma, na sote tukaanza kutoka jasho. Wengi hukisoma kama onyo kwa wanawake wakaidi. Mimi namwona msichana mgeni anayejikakamua kumfurahisha mama mkwe, akapitiliza.

Ogot mwenyewe alianzia kwenye mapenzi. Barua alizomwandikia mchumba wake, mwanahistoria Bethwell Ogot, ndizo zilizomfanya bwana huyo amhimize awe mwandishi. Walioana 1959. Mwaka 1967 mume alichapisha historia ya Wajaluo wa kusini, koo zikihama na kuhamia. Mke akashughulika na jembe. Kusema ukweli, nikilazimishwa kuchagua kitabu kimoja cha kubeba kwenye matatu ya kwenda Sori, nabeba cha mke.

Ila masimulizi ya kisa hicho niliyoyasikia huishia majembe yanapogoma. Hakuna anayesema wake wenzake wa bomani walimwambia nini asubuhi iliyofuata, kila mmoja na jembe lake limelala kimya, mpini juu. Hapo ndipo ningependa mtu aanzie.