Antigone na maiti aliyenyimwa kaburi

Antigone ni tanzia, yaani mchezo wa kuigiza unaoishia kwa msiba, iliyotungwa na Mgiriki Sophocles yapata mwaka 441 kabla ya Kristo. Tunaileta hapa kwa sababu swali lake limekwisha kuulizwa Katanga: je, mwenye mamlaka aweza kumnyima mfu kaburi?

Habari ni hii. Ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, wanauana wakigombea mji wa Thebes. Mjomba wao Creon anashika ufalme. Anaamuru Eteocles azikwe kwa heshima, lakini Polyneices, aliyekuja na jeshi la kigeni, aachwe nje aliwe na ndege na mbwa. Atakayemzika atauawa. Dada yao Antigone anamfunika ndugu yake kwa vumbi, na akikamatwa hakani: amri ya mwanadamu, asema, haifuti sheria za mbinguni zisizoandikwa.

Sisi wahubiri hupenda kumfanya Creon kuwa shetani wa hadithi. Tukisoma vizuri, sivyo. Mji umetoka vitani jana tu, naye aogopa kwamba mtetezi na msaliti wakipewa mazishi yale yale, hakuna atakayeutetea tena. Antigone naye ni mkali, hata kwa dada yake Ismene. Kosa la Creon ni kuendelea kupigana na mtu aliyekwisha kufa.

Huku kwetu, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini usiku, upande wa barabara ya Elisabethville kwenda Jadotville, ile ile tunayoipita sisi wa Kapolowe tukienda Lubumbashi. Siku zilizofuata polisi Mbelgiji, Gerard Soete, na msaidizi wake waliifukua miili, wakaikatakata na kuiyeyusha kwa asidi, lisibaki kaburi. Mwezi Februari mjane wa Lumumba, Pauline Opango, alitembea kifua wazi katika barabara za Léopoldville, kama mwanamke aliyefiwa, akidai mwili wa mume wake. Hakupewa. Soete alikuwa amejiwekea jino. Mwaka 2020 binti, Juliana Lumumba, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 20 Juni 2022 familia ilikabidhiwa jino hilo Brussels, likapitishwa Shilatembo, mahali pa mauaji, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30. Kwa jamaa za Mpolo na Okito hakuna kilichorudishwa.

Biblia ina Antigone wake: Rispa, katika 2 Samweli 21. Alitandika gunia juu ya mwamba, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku wasiwaguse wanawe. Daudi, aliyekuwa amewatoa wauawe, alisikia habari za mama huyo, ndipo akaikusanya mifupa yao ikazikwa.

Creon pia anasikia mwishowe, baada ya kuonywa na nabii kipofu Tiresias. Lakini anakwenda kwanza kwa maiti. Anamzika Polyneices, halafu ndipo anakimbilia pango alimomfungia Antigone hai, na kumkuta amekwisha kujinyonga. Mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, anajiua hapo hapo. Mama yake Haemon anafuata.

Katika baadhi ya makanisa yetu, mtu akijiua, au akifa chini ya nidhamu, mchungaji haendi kaburini na kwaya haionekani kwenye matanga. Sababu tunayotoa ni ile ya Creon: tukimzika sawa na wengine, waamini watasema dhambi si kitu. Kwa kanuni hiyo hata Antigone angelala bila sala. Tunaona ifaa irudishwe mezani katika mikutano yetu ya kanisa. Nidhamu humtafuta mtu aliye hai ili arudi. Kwenye matanga anayeadhibiwa ni mama aliyeketi juu ya mkeka, naye hajashtakiwa kwa neno lolote.