Waliokimbia Mpaka Darasani: Vijana wa Mkoa wa Arusha na Chuo cha El Paso

Alfajiri, kabla daladala za Ngaramtoni hazijaanza kugombania abiria, njia za chini ya Mlima Meru zinakuwa na watu wa aina mbili: akina mama wanaowahisha ndizi na mboga sokoni, na wanariadha. Vijana wamevaa traki, jasho linawatoka na baridi yote ile. Wengi wanaota kitu kimoja: kumpata wakala, kwenda kukimbia Ulaya au Asia, kurudi na hela ya kujengea.

Ndoto nzuri. Ila kuna njia nyingine ambayo wazee wao waliipita na siku hizi haizungumzwi sana vijiweni. Ile ya kukimbia ili usome.

Tuanzie Karatu. Huko ndiko alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, jamaa alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakuna aliyemshika. Alimaliza kwa dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alikuja wa pili, na yeye pia akiwa ameipita rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaica, Bayi akavunja na rekodi ya maili. Mwanajeshi kutoka Tanzania, dunia nzima ikawa inauliza Karatu iko wapi.

Halafu yakaja ya siasa. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Bayi akiwa kwenye ubora wake, akabaki nyumbani. Pambano lake na Walker lililosubiriwa na wote halikufanyika kule.

Miaka hiyo hiyo, mbali kabisa, kulikuwa na mji wa jangwani mpakani mwa Marekani na Mexico unaoitwa El Paso. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, si mbali sana na mwinuko wa Arusha. Chuo Kikuu cha Texas cha hapo, maarufu kwa kifupi cha UTEP, kilikuwa na kocha anayeitwa Ted Banks, na huyu bwana aligundua mapema kwamba Afrika Mashariki ina watu wa mbio ndefu. Chuo kikawapa ufadhili Wakenya na Watanzania. Matokeo yake? UTEP ilichukua ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika Marekani mara nne mfululizo, 1978 hadi 1981.

Kinara wa Watanzania pale alikuwa Suleiman Nyambui, mtu wa Mara, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuondoka. Fikiria: mwalimu mzima, miaka ishirini na kitu, anarudi kukaa kwenye dawati. Mwaka 1980 akawa bingwa wa nyika wa vyuo. Februari 1981, New York, akaweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 ndani ya ukumbi: 13:20.4.

Gidamis Shahanga wa Katesh, Hanang, enzi hizo ikiwa ndani ya Mkoa wa Arusha, naye alipita El Paso. Huyu alishachukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton. Mwaka 1982, Brisbane, akachukua dhahabu ya mita 10,000, na nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde akaja Mtanzania mwenzake wa UTEP, Zakariah Barie. Mwaka 1983 Barie akawa bingwa wa nyika wa vyuo.

Hapo kuna kichekesho kimoja cha historia. Mwaka 1980 Marekani ilisusia Olimpiki ya Moscow, na Rais Carter akamtuma Muhammad Ali aje Afrika kuzishawishi nchi nyingine. Alianzia Tanzania. Mwalimu Nyerere hakukubali hata kukutana naye. Tanzania ikaenda Moscow, na Nyambui, mwanafunzi wa chuo cha Marekani, akapata fedha ya mita 5,000. Bayi naye akapata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mpaka leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania.

Michezo ya vyuo ilikuwa ya ridhaa. Malipo yalikuwa ada, chakula na kitanda. Pesa zilikuja baadaye, barabarani. Shahanga alishinda marathoni ya Rotterdam 1984 na ya Vienna 1990. Nyambui alishinda Berlin 1987 na 1988.

Lakini miguu ina mwisho, na hapa ndipo shule ilipolipa. Nyambui alirudi akawa kocha, kisha katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Bayi, ambaye naye alikwenda kusoma El Paso, akawa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi na akaanzisha shule, Kimara na Kibaha. Aliyevunja rekodi akawa mwenye shule!

Kuna atakayesema mbona Juma Ikangaa alishinda New York 1989 bila chuo cha Marekani? Mbona Alphonce Simbu kawa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025? Ni kweli. Ila angalia vizuri: wote wawili ni wanajeshi. Nyuma yao kulikuwa na ajira na mshahara usiotegemea goti. Waliofika mbali na wakabaki wamesimama, wengi walikuwa na kitu nyuma yao: jeshi au darasa.

Yule dogo anayepandisha kilima cha Ngaramtoni saa kumi na moja asubuhi, mara nyingi hana hata kimoja. Ana viatu na namba ya simu ya wakala. Akiumia nyonga kesho, hana pa kuanzia.

Mzazi au mwalimu wa michezo mwenye kijana wa namna hiyo, usimkataze kukimbia. Mkazanie cheti cha kidato cha nne na Kiingereza cha kujieleza. Vyuo vya nje bado vinatafuta wenye mbio, ila bila cheti mlango haufunguki.