Shajara ya Watu wa Rongui: Picha, Barua na Jiwe la Msiro

Bismillahir Rahmanir Rahim. Wazee wa jumuiya yetu walipotaka kila ukoo uandike asili yake katika kitabu hiki cha ukumbusho, nilidhani kazi yangu itakuwa nyepesi. Shajara yetu ilikwisha kuandikwa zamani, na kila mtoto wa nyumba yetu alihifadhishwa: babu mkuu alizaliwa kisiwani Rongui, kaskazini ya Vamizi, baba yake alikuwa nahodha, na mama yake alikuwa binti wa watu wakubwa wa Vamizi. Ushahidi ulikuwa vitu vitatu: picha moja, barua moja, na jiwe la kusagia msiro.

Nianze na picha. Yaonyesha kijana mwenye kanzu na kofia ya kiua, ameketi juu ya kiti cha mapambo, na sote tuliambiwa kuwa ndiye babu mkuu. Lakini nyuma yake pana muhuri wa Capital Art Studio ya Unguja, na duka lile lilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Babu mkuu, kwa kauli ya wazee wote, alikufa zamani za Kampani ya Niassa, ambayo utawala wake ulikoma mwaka 1929. Basi kijana yule hawezi kuwa yeye. Ni mwanawe, babu yetu, aliyevuka kwenda Unguja kutafuta riziki. Na ukitazama masikio yake utaona masikio ya marehemu baba yangu. Miaka mingi tumemsomea Fatiha mtu mmoja huku tukimtazama mwingine. Thawabu, inshallah, imewafikia wote wawili.

Barua ina uzito zaidi. Imeandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana watu wa pwani ile yote. Zile walizopelekewa magavana wa Kireno wa Ibo katika karne ya 19 zimehifadhiwa mpaka leo katika Nyaraka za Historia za Msumbiji, mjini Maputo. Kusoma khati hii kwataka subira, kwa kuwa mwandishi hapambanui *u* na *o*, na jina la Rongui ameliandika kwa re, nuni na ghaini. Msomaji asiyekijua kisiwa hangelitambua.

Tarehe yake ni Shawwal 1304, yaani Juni au Julai 1887. Mwaka ule msomaji aujue. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kuwa pwani ya Sayyid Barghash yaanzia Ghuba ya Tungi. Wareno hawakukubali, na Februari 1887 manowari zao zikaipiga Tungi kwa mizinga. Mwandishi wa barua, ndugu wa yule nahodha, alikuwa amekimbilia Mikindani, na huko ndiko alikopata khabari kuwa nduguye amefariki. Anawaandikia waliobaki juu ya mirathi. Baada ya salamu anasema kuwa mtoto mdogo, aliyezaliwa na suria wetu wa bara, apewe haki yake sawasawa na nduguze, wala mama yake asiguswe na mtu.

Mtoto huyo ndiye babu mkuu. Hapana binti wa Vamizi.

Nilipowasomea jamaa maneno hayo, wengine waliniomba niyaache. Walisema kitabu hiki kitasomwa na wakwe zetu. Nami nikawajibu kuwa sharia haikuona haya tunayoyaona sisi: suria akimzalia bwana wake mtoto hauzwi tena, na bwana akifa yeye ni huru, na mtoto huyo ni mwana halali, hurithi kama nduguze. Mwandishi wa barua aliyajua hayo, na katikati ya vita aliyakumbuka. Sisi, tuliokaa kwa amani, ndio tuliomfuta mwanamke yule na kumpachika mwingine mahali pake. Tena alikuwa mmoja wa wengi. Serikali ya Ureno ilipiga marufuku kusafirisha watumwa mwaka 1836, lakini majahazi yaliendelea kuwachukua watu wa bara kutoka pwani ile kwenda Ngazija, Bukini na Unguja kwa miaka mingi baadaye.

Barua yenyewe haipo tena. Ilikuwa katika sanduku la jamaa zetu Palma, na mji ule uliposhambuliwa Machi 2021 walitoka na watoto tu. Iliyobaki ni nakala niliyoiandika kwa mkono wangu mwaka 2009.

Jiwe lipo. Lilivuka na babu ndani ya dau, na shangazi zangu wamesagia msiro juu yake mpaka katikati pamebonyea kama kitanga cha mkono. Wasema lilikuwa la mama yake babu mkuu. Msiro hupakwa na wanawake wa pwani na wa bara pia, kwa hiyo jiwe halishuhudii kabila. Nami siwezi kuapa kuwa lilikuwa lake. Katika shajara iliyochapishwa hapa nimelifuta jina la binti wa Vamizi, na mahali pake nimeandika: *mama yao, wa bara*. Nafasi ya jina nimeiacha tupu.