Waziri Msaidizi nchini Kenya: Msaidizi wa Nani?

Kwetu Uganda huitwa Waziri wa Nchi, Tanzania ni Naibu Waziri, na Kenya alikuwa Waziri Msaidizi. Wanafunzi wengi wa historia tunampita tukiwakimbilia marais na mawaziri, kana kwamba yeye ni pambo tu la serikali. Katika insha hii natumia mfano wa Kenya kuonyesha kwamba cheo hicho kilikuwa pia njia ya serikali kulidhibiti Bunge.

Kabla ya Katiba ya 2010, Rais wa Kenya aliteua mawaziri wasaidizi kutoka miongoni mwa wabunge. Kazi yao ilikuwa kuwasaidia mawaziri: kujibu maswali Bungeni, kuwawakilisha mikutanoni na kushughulikia mambo ya wizara waliyogawiwa. Hawakuwa wajumbe wa Baraza la Mawaziri. Hata hivyo, walitarajiwa kuutetea uamuzi wa Baraza, uamuzi ambao hawakuwapo ulipotolewa.

Mwaka 1975 ulidhihirisha gharama ya kukaidi sharti hilo. Mwezi Machi aliuawa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ambaye naye aliwahi kuwa waziri msaidizi. Kamati teule ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo, na mwezi Juni ripoti yake ikapigiwa kura. Waziri Masinde Muliro pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, walipiga kura kinyume na msimamo wa serikali. Rais Jomo Kenyatta aliwafuta kazi wote watatu. Hawakuadhibiwa kwa uzembe wizarani. Waliadhibiwa kwa kura yao.

Kwa maoni yangu, tukio hilo linafichua siri ya cheo chenyewe. Kila mbunge aliyepewa nafasi hiyo alikuwa kura moja zaidi iliyofungwa upande wa serikali. Serikali ya mseto ya 2008 ilipounda wizara 40 katika Bunge la wabunge 222, kisha ikaongeza mawaziri wasaidizi, walibaki wangapi wa kuihoji bila woga wa kupoteza kazi?

Sisemi kwamba walioshika cheo hicho hawakuwa na uwezo. Wangari Maathai alikuwa Waziri Msaidizi wa Mazingira alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Dunia nzima ilimsikiliza kuhusu mazingira, lakini katika meza ya Baraza la Mawaziri la nchi yake hakuwa na kiti.

Katiba ya 2010 iliweka mawaziri kati ya 14 na 22 wasiokuwa wabunge, na haikutaja mawaziri wasaidizi. Lakini mwaka 2018 cheo kinachofanana na hicho kilirudi kwa jina jingine, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba uteuzi wa watu 50 katika nafasi hizo ulikuwa kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo, tusitosheke kuuliza naibu waziri anafanya kazi gani wizarani. Tuulize pia anamsaidia nani: waziri, mwananchi aliyempigia kura, au aliyemteua? Kwa Keen na Kibisu, jibu lilipatikana siku walipofutwa kazi.